Tairi Nene za Trekta ya Mwethya

Sasa nacheka, lakini siku hiyo huko Kathiani ningeona shimo ningeingia na trekta yangu pamoja. Mimi Mueni, mwanamke wa kwanza kuendesha trekta ya kikundi chetu cha mwethya (tunalimiana mashamba kwa zamu), mtu wa kupita sokoni nimekaa wima na kusalimia watu kwa kidole kimoja, eti niko kazini!

Tairi za mbele zilikuwa zimeisha, kipara kabisa. Fundi wetu Bakari, mtu wa pwani aliyehamia Kyumbi, akaniambia, "Dada, tafuta nene..." na kabla hajamaliza nikadakia, "Nimeelewa, fundi," nikaenda zangu, kwani nani atanifundisha tairi mimi? Sasa kwetu Kikamba, nene ni kubwa. Nikanunua kubwa! Zikaingia kwa rimu bila shida, trekta ikainua kifua, nikaizunguka mara tatu nikijisifu.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Mama Syombua, mjane, na mvua ilikuwa inakaribia. Kikundi chote kilikuja, na Mzee Kilonzo, mwenyekiti, alikuwa ametangaza kwamba nikiharibu siku hiyo, ufunguo unaenda kwa mpwa wake. Nikatia gia ya magurudumu yote manne nipande kale kanjia kagumu ka kuingia shambani, na wueh! Trekta ikaanza kurukaruka kama chura, usukani unanipiga mikono, mbele inavuta, nyuma inakataa, kitambaa cha kichwa kikaniangukia machoni, nikivuta gia itoke imekwama, ikazima katikati ya lango (hata ng'ombe wa mama wa watu hawakuweza kutoka).

"Si nilisema?" Mzee Kilonzo akapaza sauti. "Lete ufunguo!"

Bakari akaitwa, na kijana mmoja akatumwa kwangu kuleta zile tairi za zamani. Akaangalia tairi, akaniangalia mimi. "Dada, nilisema nene, yaani pana, kimo kile kile. Hizi ni ndefu."

Watu wakamgeukia yeye, fundi gani huyu, Kiswahili gani hicho, na haki ningenyamaza tu ningepona. Nikashindwa. Nikamwomba anieleze yote, na safari hii nikasikiliza mpaka mwisho. Halafu nikachukua kamba ya mkonge kwa mama mmoja aliyekuwa akisokota za kiondo, nikaizungushia tairi ya zamani, nikakata pale zilipokutana ncha, nikaizungushia mpya. Kamba ikapungua shibiri nzima! Nikawaambia kwa Kikamba, wote wasikie: tairi ya mbele ni ndogo, gia inaizungusha mara nyingi ndiyo iende sawa na ya nyuma, nami nimeiongeza ukubwa, sasa mbele inakimbia na nyuma inaburutwa. Fundi hana makosa. Ni kiburi changu.

Bakari akainua mbele kwa jeki, gia ikaachia, zile za kipara zikarudi. Nikamwomba Mzee Kilonzo angoje ufunguo wake mpaka jioni, nikalima polepole, na mistari yangu ilinyooka, hilo nalisema bila aibu. Mvua ikatukuta tumemaliza.

Tangu hapo fundi akianza kuongea sitoki, hata akikohoa nangoja amalize.

Jioni hiyo mimi mwenyewe nilimpelekea Mzee Kilonzo ufunguo. Akaugeuzageuza mkononi, akatazama shamba, akanirudishia.

"Alhamisi ni zamu yangu," akasema. "Usichelewe, dereva."