Chini ya Meza ya Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini niliimalizia nikiwa nimelala chali chini ya meza, na nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimetoka Nyakach na shati la kuazima, nikidhani fundi wa cherehani hukaa juu ya stuli akipaka mashine mafuta na kupokea salamu. Duka lilikuwa mjini Kisumu. Mbele waliuza mashine, nyuma tulizitengeneza, na huko nyuma mwenye amri alikuwa Fundi Mkuu, Mzee Shabani, mtu wa Kaloleni mwenye kofia nyeupe ambayo mafuta hayakuwahi kuigusa.

Mteja alikuwa mama mmoja mnene wa sokoni, mashine yake ya miguu inakata uzi. Mzee Shabani alimkalisha kitini, akanionyesha sakafu. "Ingia."

"Niingie wapi, Mzee?"

"Kwani pedali iko darini? Ingia chini. Yeye akanyage, wewe utazame."

Nikaingia, nikafumba macho. Miguu ya mtu wa umri wa mama yangu, hapo puani kwangu! Mzee akainama, akaniona. "Wewe kijana! Huku chini hakuna mama wala binti. Kuna pedali, kuna fimbo, kuna gurudumu. Fumbua macho." Yule mama alicheka mpaka meza ikatikisika juu yangu.

Haya, niwaeleze nyinyi mnaojua mashine za umeme peke yake. Mashine ya miguu ina kichwa juu ya meza, na chini ina pedali. Pedali husukuma fimbo ya chuma, fimbo huzungusha gurudumu kubwa, na mkanda wa ngozi hupeleka mzunguko huo juu kwenye kichwa. Gurudumu likisita na kurudi nyuma hata kidogo, uzi hujisokota na kukatika. Tena kila mtu ana mguu wake. Kuna anayekanyaga kwa kisigino, kuna anayekanyaga kwa pupa kama anaua nge. Ndiyo maana Mzee Shabani hakukubali tujaribu mashine kwa miguu yetu wenyewe. "Kwako itashona vizuri, ikifika kwake itagoma," alisema. "Mwenyewe akanyage." Sheria hiyo niliishika maisha yangu yote ya kazi, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Baada ya duka nilipelekwa Dunga, kwenye kituo cha kina mama walioshona kwilti. Kwilti ni blanketi la viraka. Juu kuna vipande vya vitambaa vilivyounganishwa kwa mitindo ya nyota na maua, katikati pamba, chini shuka, kisha unazishona tabaka zote tatu pamoja. Mkubwa wangu hapo alikuwa Msimamizi, mama mrefu aliyekagua mishono kwa kuivuta kwa vidole. Ukimwambia mashine imepona, alijibu, "Tutaona." Aliogopa pamba isishike harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa hiyo mashua za wavuvi zikifika tu alitufungisha madirisha yote, tukaiva kwa joto mle ndani.

Mashine inayoshona sketi bila wasiwasi inaweza kugoma kabisa ikiona kwilti. Meno ya chini yanavuta shuka, mguu wa mashine unabana viraka juu, tabaka zinakimbiana na makunyanzi yanajaa. Dawa yake ni kulegeza skrubu ya mguu, kuweka sindano nene na kurefusha mshono. Lakini gurudumu likiwa halina nguvu, dawa hizo ni kazi bure.

Ni Msimamizi aliyenifanya fundi wa kuzunguka. Vikundi vya kwilti vilikuwa vimeenea, nami nilivifuata na begi langu la vyombo, leo Luanda Kotieno nikingoja feri ya Mbita, wiki ijayo Pap Onditi. Nikishaingia chini ya meza nilipaza sauti, "Kanyaga, Mama!" Watoto walinipa hilo liwe jina langu. Sikujali. Nilikuwa na kiburi, tena kingi, maana hakuna mashine iliyonishinda.

Halafu nilimwoa Rosa wa Pap Onditi, na mama yake, Mama Dorsila, ni mshonaji wa kwilti.

Kwetu Waluo, mtu na maro, yaani mama mkwe wake, wana heshima kati yao. Hatupeani mikono. Sikalii kiti alichokalia. Tukizungumza, kila mmoja anaangalia pembeni kidogo, na mengi hupitia kwa Rosa. Mimi nililelewa hivyo na sikuona ubaya wake, wala sasa siuoni. Ila sasa nilalie sakafu, uso wangu karibu na miguu ya maro wangu, nimwambie akanyage? Yawa!

Siku hiyo ilikuja. Kikundi cha Pap Onditi kilipanga mashine kwenye ukumbi wa kanisa, nikazitengeneza moja baada ya nyingine, nikipiga kelele zangu za "Kanyaga, Mama" na kina mama wakicheka. Ya mwisho, karibu na ukuta, ilikuwa ya Mama Dorsila. Alikuwa amekaa tayari, amevua viatu, ameweka kwilti ya bluu chini ya sindano. Kicheko kikaisha. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi.

Nilifunga begi. Nilimwambia mwenyekiti wao, kwa sauti ya kusikika, "Hii ya Mama nitailetea fundi mwingine." Mama Dorsila akavaa viatu vyake, akasema, "Sawa, Baba Atieno," kwa jina la binti yetu, akaikunja ile kwilti.

Fundi mwingine hakuja. Nilimwomba mwenzangu wa dukani, akaahidi, akahamia Nakuru. Nilimwomba wa pili, akaniuliza kama nimerogwa, yaani fundi mzima anamtuma mwingine kwa mkwe wake? Na kule Pap Onditi, Mama alipowaendea mafundi wa sokoni walimjibu vilevile: "Kwani mkwe wako si ndiye Kanyaga Mama? Nani ataweka mkono wake hapo?" Walidhani wananiheshimu. Kwa hiyo mashine pekee katika Nyakach nzima iliyokosa fundi ikawa ya mama wa mke wa fundi. Rosa alipoulizia, nilisema nitaangalia. Nilimpelekea Mama mafuta, sindano, bobini, hata mkanda mpya wa ngozi. Vitu vya kumpa Rosa mkononi, basi.

Nilistaafu hivyo. Walinipa soda na hotuba, wakasema sikuacha mashine hata moja bila kuigusa. Rosa alikuwa ameketi kando yangu. Hakupiga makofi, akatazama chupa yake.

Mwaka huu ndipo mambo yaliponifika shingoni. Rosa alirudi kutoka kwao, akaniita jikoni, jambo ambalo hulifanya akiwa na hasira.

"Kwilti za Mama zimerudishwa," alisema. "Zimefumuka. Kikundi kimemwambia aache kushona, akae pembeni awakatie wengine viraka. Unajua alisema nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema hatakata. Ama atashona, ama atatoka. Amepewa kwilti moja ya mwisho, ikaguliwe. Ikifumuka, ametoka." Akasukuma sufuria kando. "Unajua wanamwita nani? Mama mkwe wa fundi. Wanacheka, Baba Atieno. Mama yangu anachekwa kwa sababu yako."

Nilichukua begi pale lilipokuwa limetundikwa, tukaenda Pap Onditi na Rosa.

Mama Dorsila alikuwa ndani kwake, mlango wazi, mashine karibu na dirisha. Amezeeka sana. Nilisimama nje, nikaangalia miti, nikasema nimekuja kuona mashine. Akamwambia Rosa, "Mwambie aingie." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na bado nikaambiwa kupitia kwa Rosa.

Niliingia. Niliwasha tochi, nikapiga magoti, na magoti yenyewe yanalia siku hizi. Nikalala chali, nikageuza uso upande wa ukuta. Fundi gani huyo, anatengeneza mashine akitazama ukuta? Nilimsikia Mama akivua viatu.

"Baba Atieno," alisema, na mara hii hakupitia kwa mtu. "Mimi ni mzee. Wewe ni mzee. Angalia hiyo mashine."

Nikageuka. Na pale fimbo inaposhikana na pedali, palipotakiwa kuwa na bolti, palikuwa na kamba. Kamba ya wavu wa samaki, imefungwa fundo juu ya fundo. Nyingine kuukuu nyeusi, nyingine bado nyeupe. Kumbe kila kamba ikilegea fimbo ilicheza, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika, na mama wa watu alikuwa akilisaidia gurudumu kwa mkono huku mkono mwingine ukishika tabaka tatu za kwilti. Bolti! Bolti ndogo tu, za kujaza mfukoni. Nilizibeba kila siku ya kazi yangu.

"Mama," nilisema, "nani alifunga hizi kamba?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Uliingia huku chini?"

"Sasa nani mwingine angeingia?"

Alisema hivyo tu, bila ukali, kama mtu anayeulizwa nani alichota maji. Afadhali angenitukana. Nilimwona mama huyu, na mgongo wake, akilala sakafuni penye vumbi, akitafuta tundu kwa vidole gizani, mara ngapi sijui, kwa sababu mimi niliona haya kutazama miguu yake. Miguu yenyewe ilikuwa hapo mbele yangu. Ilikuwa imepasuka visigino, na kidole kimoja kina kovu. Nililia huko chini, na nashukuru meza ilinificha.

Nilikata mafundo yote kwa kisu, nikaweka bolti, nikakaza nati, nikaongeza grisi. Haikuchukua hata muda wa chai kuchemka. Kisha ikabaki ile sheria ya Mzee Shabani.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Bado. Lazima mwenyewe..." Nikaondoa mkono kwenye gurudumu. "Kanyaga, Mama."

Akakanyaga. Taratibu kwanza, halafu gurudumu likashika mwendo, likapita juu ya uso wangu mara nyingi bila kurudi nyuma. Hapo juu nilisikia sindano ikipenya tabaka zote tatu. Alishona mstari mzima bila kusimama, akageuza kwilti, akashona mwingine. Hakuniambia nitoke, nami sikutoka.

Rosa alipoleta chai, Mama alikunywa yake ndani, mimi nikanywea nje nikitazama miti, kama inavyotakiwa. Jioni tuliondoka. Tulipofika barabarani Rosa akashtuka. "Baba Atieno, umesahau begi lako chini ya meza."

"Sijalisahau," nilimwambia. "Mashine ya Mama sasa ina fundi wake."