Welfare Ilipokuja Fainali kwa Kifungu cha Msiba

Mlinzi wa geti alivua kofia na kuinamisha kichwa.

Kilichomvua kofia ni lori. Liliingia polepole kwenye Chuo cha Sosiani Ridge likiwa limebeba hema, viti vya plastiki, sufuria mbili za kupikia umati, na wamama waliofunga vitambaa vyeusi kichwani.

"Poleni sana," mlinzi akasema. "Lakini mmepotea njia. Hapa hakuna mazishi. Leo ni fainali ya basketi."

"Hatujapotea," Mama Esther akamjibu kutoka juu ya lori. "Tumekuja hiyo fainali. Fungua geti, kijana."

Naapa sijatia chumvi. Mengine nilisimuliwa na Wakoli mwenyewe, na mengine niliyaona kwa macho yangu, maana siku hiyo nilikuwa nimekaa nyuma yake.

Wakoli ni jamaa wa Langas, hapa Eldoret, karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtu mpole kabisa, mpaka umtajie basketi ya vyuo vidogo. Hapo anageuka mtu mwingine.

Ndiyo, vyuo vidogo. Katika mji huu ambao kila mtu anashabikia wakimbiaji, Wakoli alichagua kushabikia ligi ambayo hata wachezaji wenyewe wakati mwingine husahau kufika.

Sababu ni Nelima, dada yake mdogo. Alikuwa akichezea Sosiani Ridge, muhula wake wa mwisho, na alikuwa moto wa kuotea mbali.

Mashabiki wa ligi hiyo wana group ya WhatsApp, na humo ndani Wakoli alikuwa na adui mmoja. Anaitwa Cate, ana duka Pioneer, na anashabikia Cheptiret Hills. Walikuwa wametukanana msimu mzima bila kuonana hata siku moja.

Wiki ya nusu fainali Cate alituma picha ya viti vitupu vya Sosiani Ridge. Mlangoni kulikuwa na mbuzi amesimama.

"Attendance ya leo," akaandika. "Refa, mbuzi na Wakoli. Mbuzi ametoka mapumziko."

Group nzima ikacheka mpaka Wakoli akazima simu.

Alipoiwasha, Cate alikuwa amehamia kwa MVP, tuzo ya mchezaji bora.

"Nelima anafunga timu za kuonea tu. Ashley wetu anadaka rebaundi kumi na mbili kila mechi. Kumi na mbili! Leta namba zako tuone."

Wakoli akaleta namba. Cate akaleta nyingine. Hawa watu walijua kila pointi, kila pasi, na kila faulo ambayo wasichana hao wawili waliwahi kufanya tangu wajiunge na chuo.

Sasa, tuzo ya MVP haikuwa kikombe cha kuweka juu ya kabati tu. Aliyeishinda alikuwa anaenda moja kwa moja kambi ya timu ya pamoja ya vyuo, Nairobi. Nelima alikuwa anamaliza masomo. Akiikosa, basi, anarudi nyumbani kutafuta kazi kama sisi wengine na mambo ya mpira yanaishia hapo.

Na kamati ya mashindano, kwa kuchoka kuona viti vitupu, ilikuwa imeleta mtindo mpya. Kila shabiki anayeingia fainali anapewa karatasi. Mechi ikiisha anaandika jina la mchezaji bora na kuitumbukiza kwenye ndoo.

Ukileta watu, umeshinda. Wakoli alielewa hivyo, na hakulala.

Watu angewatoa wapi? Kuna mahali pamoja tu Langas ambapo watu hufika wote, mvua inyeshe au jua liwake. Welfare.

Tusaidiane Welfare ni ya watu wa magharibi waliohamia hapa kutafuta riziki. Ni chama cha kufa na kuzikana, kweli kweli. Ukifiwa, lori linakuja, hema linasimama, uji unapikwa, na hulii peke yako.

Jumapili baada ya kanisa Wakoli akasimama mbele ya mwenyekiti, Mzee Mabonga, akaeleza shida yake. Alitaka wanachama wote wafike Jumamosi kumsimamia Nelima.

Mama Esther, katibu, akatikisa kichwa. "Katiba haina mpira, Wakoli. Iko na harusi na iko na msiba. Basi."

"Wekeni kwa harusi."

"Harusi ni hiari. Watu huja wakipenda, na wengi hawapendi."

"Na msiba?"

"Msiba ni lazima. Usipofika, faini ni kreti ya soda."

Wakoli hakufikiria mara mbili. "Basi wekeni kwa msiba."

Mzee Mabonga akagonga fimbo chini.

"Kijana, unajua chenye unasema? Ukiitisha msiba, msiba iko na sheria zake. Hatutaki kesho uanze kulia lia hapa."

"Mzee, si ni jina tu? Pitisheni."

Wakapitisha. Mfa maji haachi kutapatapa.

Ndivyo lori lilivyofika. Hema lilisimamishwa nje, sufuria zikawekwa juu ya mafiga, na wanachama wakaingia ukumbini kwa mstari na viti vyao. Kila mmoja akapokea karatasi ya kura.

Wakoli aliangalia upande wa Sosiani Ridge ukijaa mpaka ngazini. Alitaka kulia kwa furaha. Akapiga picha, akaituma kwenye group.

"Cate, hesabu. Ukichoka uite mbuzi akusaidie."

Upande wa pili, Cheptiret Hills walikuwa wachache wa kutia huruma. Wanafunzi wao walikuwa wamefunga chuo na kwenda nyumbani. Walikuwepo kocha, wachezaji, na mashabiki ambao wangetosha kwenye benchi moja.

Mechi ikaanza. Nelima akafunga kapu la kwanza, Wakoli akapuliza vuvuzela mpaka macho yakamtoka.

Nyuma yake, kimya.

Akageuka. Wanachama wote wa welfare walikuwa wameshika tama.

"Nyinyi! Shangilieni!"

"Punguza sauti," Mama Esther akamnong'oneza. "Mwenyekiti hajafungua na maombi."

Ikabidi refa asimamishe mechi. Mzee Mabonga akasimama, akaombea wachezaji, refa, kamati, wasafiri wa barabarani na waliotutangulia mbele ya haki. Ndipo wakaanza kuimba taratibu, na Nelima kila akifunga, wamama wanasema, "Bwana asifiwe, mtoto."

Haikuwa kelele ya basketi, lakini Wakoli aliona itatosha. Kura ni kura.

Kufikia mapumziko Sosiani Ridge walikuwa mbele sana. Ashley, yule wa rebaundi kumi na mbili, alikuwa anacheza kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mpira ulimpita mikononi. Mara mbili alijikwaa bila kusukumwa.

Wakoli akaandika kwenye group: "MVP wenu ameacha mikono nyumbani?"

Wakati anaandika, alimwona Nelima kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekuja kwa Mama Esther huku jasho linamchuruzika, ameinama, anasema kitu sikioni. Wakoli akadhani anaomba maji.

Mama Esther akamfuata Mzee Mabonga. Mzee akasikiliza, akasimama, akachukua fimbo yake.

Kisha welfare nzima ikainuka.

Kila mtu akabeba kiti chake. Wakavuka kiwanja, katikati kabisa, mbele ya refa, wakaenda kukaa upande wa Cheptiret Hills.

"Mnaenda wapi?" Wakoli akapiga kelele. "Mama Esther! Upande ni huu!"

Hakuna aliyegeuka. Wimbo mwingine ukaanza huko ng'ambo, wa faraja, na safari hii waliuimba kwa nguvu zote. Wamama wawili walienda mpaka kwenye benchi la wachezaji. Mmoja akamshika Ashley mabega, mwingine akamfunika leso.

Wakoli akabaki na vuvuzela, nafasi tupu, na mimi.

"Hawa watu wamerogwa," akaniambia. "Wamewahurumia kwa sababu wanachapwa! Sasa hiyo ni basketi ama ni kanisa?"

Nusu ya pili Ashley alirudi kiwanjani akiwa mtu mwingine. Aliruka, akanyakua, akafunga. Kila akishika mpira, lori zima la Langas linamwitikia. Pengo likaanza kupungua, na Wakoli akaanza kutafuna kucha.

Sosiani Ridge walishinda kwa kapu moja, na kapu hilo alilifunga Nelima. Kombe likabaki Eldoret.

Lakini ndoo ilikuwa bado. Na welfare, kama ijulikanavyo, hupiga kura kwa sauti moja.

"Mchezaji bora wa mashindano," mtangazaji akasema, "ni Ashley, wa Cheptiret Hills!"

Msimu mzima Wakoli alikuwa amempigania dada yake, na watu aliowaleta mwenyewe kwa lori ndio waliomnyima. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu ambao hakutaka mtu auone.

Akatoka mbio mpaka kwenye hema. Mama Esther alikuwa anapakua wali.

"Mama, mmeniua. Nani aliwaambia mvuke?"

"Nelima."

"Nelima gani?"

"Kwani uko na wangapi? Nelima wako. Alikuja akatuambia mama ya yule mtoto amezikwa juzi Alhamisi. Mtoto ametoka mazishini moja kwa moja akakuja kucheza, na hakuna mtu wake amemsindikiza. Akatuuliza, si nyinyi mko hapa kwa kifungu cha msiba? Msiba iko upande ule."

Wakoli akageuka kumtafuta dada yake.

Nelima alikuwa amesimama karibu na sufuria, medali ya ushindi shingoni, sahani mkononi.

"Ulijua hiyo ndio nafasi yako ya mwisho?" Wakoli akamuuliza.

"Nilijua."

"Na ukawatuma huko?"

"Aliniambia tukiwa choo tunafunga nywele. Hata kocha wake alikuwa hajamwambia." Akafuta pua kwa mkono wa jezi, na Wakoli akaona kwamba alikuwa amelia. "Niliitaka hiyo kambi, bro. Niliitaka vibaya. Usidhani sikuitaka. Lakini mimi nilikuwa na watu lori nzima."

Wakoli akamshika kichwa, akakivuta kifuani mwake, sahani ya wali ikamwagika kwenye viatu vyao wote wawili.

Hapo ndipo mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, mwenye fulana ya Cheptiret Hills, alipoingia hemani akicheza.

"Wakoli ni nani hapa? Mimi ndio Cate! Asante kwa kutuletea wapiga kura! MVP iko kwetu! Nilikuambia nini? Rebaundi kumi na mbili!"

Siku nyingine Wakoli angempa za uso. Siku hiyo alimuuliza tu, kwa upole:

"Cate, ulijua Ashley amefiwa na mama?"

Cate akaacha kucheza.

"Mama ya nani?"

"Ashley. Amezikwa Alhamisi."

"Alhamisi?" Cate akatoa simu mfukoni, kana kwamba jibu liko humo, kisha akairudisha. "Alhamisi si ndio tulikuwa tunabishana kama anafaa kuanzishwa ama kutoka benchi? Aki Wakoli. Kila siku nilikuwa naandika jina lake. Kila siku."

Wakaangaliana, watu wawili waliojua averej ya pointi za msichana mpaka nukta, na kila mmoja akaona aibu usoni mwa mwenzake.

Ashley alikuwa amekaa katikati ya wamama, tuzo imewekwa chini ya kiti, sahani magotini. Alikuwa anakula kama mtu ambaye hakuwa ameona chakula kwa siku kadhaa. Wakoli akajisogeza mpaka mbele yake. Kichwani mwake kulikuwa na pointi zake zote za msimu, na hakuna hata moja iliyofaa kusemwa.

"Pole kwa mama," akasema.

"Asante," Ashley akajibu. Akatafuna, akameza kwa shida. "Wewe ni shabiki, sindio? Kwa mashabiki, wewe ndio wa kwanza kuniambia hivyo. Wengine wote wameniuliza mbona nimecheza vibaya nusu ya kwanza."

Wakoli akatoka nje ya hema. Alipanguza macho, akasingizia moshi wa kuni, na Cate akamwambia hata yeye moshi umemwingia.

Mzee Mabonga hakujali moshi. Alimfuata huko huko nje na fimbo yake.

"Na wewe uko na faini, kijana. Umepuliza tarumbeta kwa msiba. Kreti ya soda."

Alilipa bila kubisha. Cate aliileta kreti kutoka dukani kwake, na kwenye group siku hizi hao wawili bado wanatukanana kama zamani.

Kambi ilimchukua Ashley. Nelima anafanya kazi kwa duka la dawa mjini, na jioni anafundisha wasichana kurusha mpira. Ukimuuliza kama anajuta, anasema siku nyingine anajuta, siku nyingine hajuti. Mimi namwamini kwa yote mawili.

Funzo nalitoa bure, ndugu zangu mashabiki. Ukijua mchezaji ana averej ya ngapi na hujui kama amefiwa, wewe si shabiki. Wewe ni kalkuleta iliyovaa jezi.