Makala ya Damiano na Simu ya Mama Marsela

Damiano wa Mpimbwe alisomea falsafa mpaka ng'ambo, akarudi kufundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Kijijini walidhani ni mambo ya dini, maana alipitia seminari. Mama yake, Marsela, aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni kama padri, ila haongozi misa. Kumbe kazi yake ilikuwa swali moja tu, alilolitafuna miaka ishirini: mtu akikuambia jambo, je, umeshalijua? Katika makala moja Damiano akajibu ndiyo. Neno la msemaji mkweli linatosha, huna haja ya kumchimba. Makala hiyo ilisomwa hadi Ulaya, na kwa ajili yake akaitwa kwenye usaili wa uprofesa. Uprofesa hauliwi, lakini yeye aliukimbilia kama mwenye njaa. Misimu mitatu ya mpunga ilivunwa bila yeye kukanyaga kwao.

Asubuhi ya usaili, Damiano akiwa mlangoni na tai shingoni, mama yake akapiga simu.

"Shikamoo, Mama. Hamjambo huko?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujambo kabisa."

"Tumshukuru Mungu. Nitakupigia, Mama."

Akakata. Uprofesa aliupata. Siku ya tano baada ya simu ile, dada yake, Rozalia, akampigia kumwambia Mama amefariki. Tumbo lilimsumbua wiki tatu.

"Mbona aliniambia hamjambo?" Damiano alimuuliza dada yake msibani.

"Nyie wasomi! Hapa kwetu nani anaanza na ugonjwa? Hata nyumba ikiungua unaitikia kwanza hatujambo, halafu ndo unaeleza. Alikuwa anakueleza tumbo lake, simu iko sikioni, mi ndo nikamwambia umeshakata. Akasema basi, ana kazi, atapiga mwenyewe. Akatukataza tusikusumbue."

Na hakuna alichoambiwa Damiano hapo ambacho hakukijua tangu akifukuza ndege kwenye mpunga. Alikijua, akakisomea mpaka kikamtoka. Ile makala ina kurasa arobaini, na desturi ya mama yake haimo hata kwenye moja.

"Sasa mdogo wangu," Rozalia alisema, "umesomeshwa miaka yote hiyo kuuliza maswali. Ungemuuliza Mama moja tu, ungepungukiwa nini?"

Profesa alifungua kinywa kutafuta hoja.

"Nilikuwa na haraka, dada," alisema, akalia mbele za watu.