Vijiji Vitatu, Milango Mitatu ya Kijani

Siku ile nilipita vijiji vitatu, na katika kila kijiji nilimkuta mwanamke na mlango wenye rangi mbichi ya kijani.

Mnaotaka kucheka, chekeni. Hata mimi nilicheka nilipofika kwenye mlango wa pili.

Mimi ni fundi umeme, nina miaka arobaini na moja, na ugonjwa wangu ni baiskeli za mbio. Zile za matairi membamba, mtu anavaa nguo za kubana mpaka majirani wanamwonea aibu.

Ugonjwa huo nilimwambukiza mdogo wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole, hana makuu.

Miaka mitano iliyopita tulikuwa kwenye mashindano. Zimebaki kilomita mbili, mimi naongoza, yeye yuko nyuma yangu. Nikasikia chuma kinakwaruza lami. Nikasikia ananiita.

Sikugeuka.

Nilishika namba mbili. Yeye alilala kando ya barabara dakika arobaini, bega limevunjika.

Hakunitukana. Aliacha tu kupokea simu zangu. Mama alipolazwa tulikuwa tunapokezana zamu wodini kama walinzi wa kampuni mbili tofauti.

Mwaka huu nikajikaza kisabuni, nikamtumia ujumbe. Nikamwambia twende kisiwani siku mbili, mimi na wewe tu, tupande milima kwa baiskeli. Nilikuwa na neno la kumwambia, na nilitaka kulisema ana kwa ana.

Akajibu, "Sawa." Herufi nne. Nilizisoma mara kumi.

Kisiwa chenyewe ni kimya ajabu. Barabara moja nyembamba inauzunguka mlima, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Vijiji vyake ni nyumba kumi, kumi na mbili. Asubuhi watu wote wako mashambani. Unaweza kuendesha saa nzima usipishane na gari.

Tulipanda pamoja mpaka kileleni. Hilo nalikumbuka vizuri.

Kisha nakumbuka nimesimama kando ya barabara, kwenye mteremko, nimeshika baiskeli, namsubiri.

Hiyo ndiyo kawaida yetu. Kwenye kushuka mimi hutangulia, kwa sababu dogo hushuka kama amebeba trei ya mayai. Nikifika mbali nasimama, namngoja.

Nikangoja. Kimya.

Nikaita. Kimya. Nikatoa simu, kioo kimepasuka, mtandao hakuna.

 Nikasema, yamejirudia. Ameanguka tena, na mimi tena niko mbele.

Nikageuza baiskeli, nikaanza kupanda.

Sijui kama mnaelewa. Mteremko unaoushuka kwa dakika kumi, kuupanda ni karibu saa nzima. Ndugu yako yuko huko juu, labda anavuja damu, na wewe unakwenda mwendo wa kuku. Miguu inawaka. Gia hazikubali. Jasho linakuingia jicho la kushoto, unafuta, linaingia tena. Ukikazana unaishiwa pumzi, ukipumzika unahisi unamuua.

Kila kona nilisimama, nikachungulia korongoni. Niliita jina lake mpaka sauti ikakwama.

Ndipo nikafika kijiji cha kwanza. Mama wa makamo alikuwa anapaka mlango rangi, amefika nusu.

"Shikamoo mama. Umemwona mtu wa baiskeli?"

Brashi ikamdondoka. "Marahaba... Ee baba, kaa kwanza."

"Sina muda, mama. Umemwona?"

"Mmoja ameshuka zamani."

"Huyo ni mimi. Namuulizia wa nyuma."

"Wa nyuma?" Akanitazama kama naongea lugha ya ndege. "Mwanangu, wa nyuma si ndiye..."

Sikumngoja amalize. Nikakanyaga pedali.

Kona, korongo, kuita. Kona, korongo, kuita.

Kijiji cha pili, mama mwingine, mlango mwingine, kijani ileile, umebaki ukanda mdogo chini. Ndipo nikacheka. Nikajiuliza, huku leo ni siku ya kupaka milango? Au dukani kwao hakuna rangi nyingine?

"Shikamoo mama. Umemwona..."

Hata salamu hakuitikia. Alikuja mbiombio na kitambaa chenye maji. "Nakuomba kaa. Nakuomba, baba."

Nikaona huyu ananichelewesha. Nikamkwepa. Nyuma nilisikia anampigia kelele mtu aje haraka.

Niliendelea kupanda huku nalia, siwafichi. Mtu mzima, na ndevu zangu. Nilikuwa najiambia maneno ya kijinga, kwamba akiwa hai nitaiuza baiskeli, nitambeba mgongoni mpaka bandarini. Nani alikuwa ananisikiliza? Mbuzi watatu juu ya ukuta.

Kijiji cha tatu, mlango wa tatu. Huu ulikuwa umekwisha, rangi inang'aa mbichi.

Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono imetanuliwa. Pembeni yake mzee mmoja na toroli. Mama akaukamata usukani wangu kwa mikono miwili.

"Mama niachie! Mdogo wangu yuko korongoni!"

"Mwanangu, hakuna mtu korongoni."

"Hujui! Nimetoka chini huko, kijiji cha kwanza, cha pili..."

Mama akaanza kulia. "Kijiji ni hiki kimoja tu. Umepita hapa mara tatu. Unapanda mpaka kwenye ile kona, unasimama, unashuka tena. Kila ukirudi unaniamkia upya."

Nikautazama mlango. Nikautazama mkono wake. Kijani mpaka kwenye kiwiko.

"Na wa nyuma," akasema taratibu, "ni wewe."

Nikasikia mtu anahema. Nikageuka.

Alikuwa mdogo wangu, juu ya baiskeli, mzima kabisa, uso umempauka kwa hofu. Na alikuwa anatokea chini.

"Kaka! Nimekusubiri kule chini darajani nusu saa! Umefanya nini kichwa?"

Nikashika kichwa. Helmeti ilikuwa imepasuka nyuma kama ganda la yai, na lile nililodhani ni jasho halikuwa jasho.

"Dogo," nikamuuliza, "umeanguka wapi?"

Wanasema nilimuuliza hivyo mara sita mpaka gari la zahanati lilipofika. Kila mara alinijibu, "Sijaanguka, Kaka. Niko hapa."

Daktari alisema damu ilikuwa imevujia ndani ya kichwa. Nilianguka peke yangu kwenye kona, nikanyanyuka, na akili ikashika kitu kimoja tu, kumtafuta mdogo wangu; kila niliposhuka ilisahau. Alisema ningeendelea kupanda nusu saa nyingine, tusingekuwa tunaongea. Nililazwa siku kumi na moja. Mdogo wangu alilala kwenye kiti siku zote hizo.

Siku ya tano nilimuuliza lililokuwa linanitatiza.

"Hivi ilikuwaje ukatangulia? Wewe hutangulii kushuka hata siku moja."

Akanitazama sana.

"Hukumbuki kileleni?"

"Nakumbuka tumefika."

"Tulikaa pale karibu saa nzima. Uliongea wewe peke yako, kuhusu siku ile. Ulilia, Kaka."

"Mimi?"

"Wewe. Halafu ukaniambia nitangulie. Ukasema kuanzia leo wewe ndiye utakuwa nyuma, ili nikianguka uwepo."

Nilichoka. Miaka mitano nalitafuta lile neno. Nililipata, nikalisema, na kichwa changu chenyewe kimelifuta. Nimejaribu kulikumbuka kwa kila njia, sipati hata herufi moja.

"Niambie basi nilisema nini," nikamsihi.

Akatikisa kichwa. "Siwezi kusema kama ulivyosema."

"Nirudie basi. Nikuombe msamaha tena."

"Hapana. Nilishaupokea."

Nawaandikia ninyi mnaosoma. Ukigonga kichwa, usijipime mwenyewe. Mtu baki akikwambia kaa, kaa, hata kama unaona ana kichaa.

Na kama kuna mtu unangoja siku nzuri ndipo umwombe radhi, acha kungoja. Mimi niliwahi kwa dakika chache tu. Ningenyamaza pale kileleni, nikasema nitamwambia tukifika chini, leo nisingekuwa na hata mtu wa kunithibitishia kwamba nilitaka kusema.