Asubuhi Koko Alipomwaga Uchafu Mlangoni

Alfajiri za utotoni mwangu zilinukia vumbi lililonyunyiziwa maji. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Koko, alifagia ua wetu pale mtaani Nyakasanza kabla jogoo hajachoka kuwika, na nyuma yake udongo ulibaki na mistari laini hata nikaona haya kuukanyaga. Lakini usafi wake ulikuwa na hofu ndani yake. Wakati wa Wabelgiji, akiwa binti mdogo, alimwona mkaguzi wa usafi akimzaba baba yake kofi mbele ya watoto, kisa majani makavu uani. Tangu siku ile uchafu ulikuwa kwake fedheha kuliko njaa. Mazoea yana taabu.

Vita vilipofika, majirani wengi walikimbia, wengine wakashuka hadi Kasenyi, kando ya ziwa. Miguu ya Koko haikuweza safari, basi tukabaki, tukajifungia ndani, siku zikipita polepole kama usingizi wa mchana. Mama akapiga fagio marufuku. "Mama, wacha," alimnong'oneza mkwewe. "Kama inje iko safi, batajua watu iko ndani." Koko akafura: "Siye hatuko nguruwe!" Asubuhi iliyofuata, mkaidi yule, alinyata nje akafagia. Alikuwa bado ameinama tuliposikia wenye bunduki wakivunja mlango nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilichungulia kwenye ufa, nikajua tumekwisha. Koko hakukimbilia ndani. Alikwenda kwenye shimo la takataka, akazoa kwa mikono yake maganda ya ndizi, majivu na mabaki yaliyooza, akayamwaga juu ya mistari yake mpaka kizingitini, ndipo akaingia. Lisilobudi hutendwa. Viatu vikasimama mlangoni. "Huku hakuna watu," sauti ikasema. "Bashakimbia." Wakaenda zao. Koko akaitazama mikono yake, akalia kama mtoto, naye Mama akachukua kikombe chetu cha mwisho cha maji, akamnawisha. Sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda Koko saa ile.

Siku hizi, Jumamosi, tunaitwa kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na wenye nyua safi hawakosi la kusema juu ya waliokimbia vita kutoka Djugu wakahamia karibu nasi: "Bale batu iko bachafu." Mimi, nikikuta nyumba iliyojaa takataka mlangoni, sipiti nikitema mate. Nasimama, nashusha sauti, nabisha hodi, kisha nangoja kidogo, maana huenda ndani yumo mtu amebana pumzi.