Siku Mama Prefe Alipochagua Treni

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyeniuliza diplome. Shefu wa eskale, yaani mkubwa wa mahali meli inapofunga kamba, alinisimamisha kwenye mawe meusi ya gati la Goma. Akatembea mpaka mwisho wa meli, akageuka, akasema, "Kavira, niite." Nikamwita. Mbuzi wawili waliokuwa wanapakiwa wakaruka majini. Akarudi polepole, akanipa filimbi na karatasi. "Umepata kazi," akasema. "Sasa wende utoshe bale mbuzi mu maji."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya komisera wa meli. Vijana wa leo wakisikia komisera wanafikiria polisi. Kwetu komisera ni mtu wa abiria. Kapiteni anajua mashine na upepo. Komisera anajua nani ametapika, nani amekalia kiti cha mwenzake, na nani amevua jile, ile fulana ya kuelea, kwa kuwa inamharibia nguo ya harusi. Majina yote yako kwenye liste, na liste iko mikononi mwake. Meli ikipata shida, watu hawamuulizi Kapiteni walikuwa wangapi. Wanamuuliza yeye.

Miaka minne nilisimama kwenye pasareli, ule ubao wa kuingilia melini, nikiwazuia watu kupanda na vitanda. Kisha Kapiteni akaniomba niwe naye juu ya maji. Huyo alikuwa mtu wa sentensi tatu: "Bado." "Sasa." Na "Nani amegusa?" Nilifanya naye kazi miaka kumi na moja na sikumsikia akiongeza ya nne. Baadaye walinipeleka biro, yaani ofisi, ya Bukavu, nikakaa miaka miwili nikigonga mihuri, nikanenepa, nikaomba kurudi. Niliporudi Goma nilikuta kampuni imepaka meli yetu rangi nyeupe, imeweka viti vya mito, na imeleta Direkteri mpya kutoka Kinshasa. Meli haikuwa tena ya mbuzi. Sasa ilikuwa ya kutembeza watu waone ziwa.

Direkteri alikuwa mtu mpole, msafi, na aliamini karatasi kuliko macho. Siku moja aliniita biro, akanipa programe ya safari ya siku mbili, Goma mpaka Bukavu. Katikati kulikuwa na eskale ya masaa matatu kwenye shamba moja la kahawa, mbele kidogo ya Minova. Abiria wangechagua: A, kutembelea usine, yaani kiwanda cha kahawa; B, matembezi ya kuona mandhari kwa treni ndogo.

Nikasoma mara mbili. "Direkteri, treni gani?"

"Picha ya shamba inaonyesha reli. Penye kuko reli, kuko treni. Ni lojike."

"Na kama haiko?"

"Mama Kavira, programe imekwisha kupigwa chapa ku imprimante."

Basi wiki moja kabla ya safari nilienda kuona mwenyewe. Reli zilikuwepo kweli, nyembamba kama ngazi iliyolazwa chini, zikipanda taratibu ubavuni mwa mlima kupita katikati ya kahawa. Zamani walizitumia kuteremsha kahawa mbichi mpaka kwenye birika za kuoshea, karibu na maji. Mlinzi wake alikuwa Muzee Bisimwa, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu. Alinionyesha vigari vitatu vya chuma vilivyofungwa pamoja, akaviwekea mbao za kukalia, watu sita kila kimoja.

"Lokomotive ya kuvuta iko wapi, Muzee?"

"Kupanda, batu banasukuma. Kushuka, Mungu anasukuma."

"Na kusimama?"

Akanionyesha fren yake: gogo la mkaratusi lililofungwa kwenye mti mrefu. Akiuvuta mti, gogo linabana gurudumu. Likiteleza, anamwaga mchanga juu ya reli. Sikumwamini, kwa hiyo nilishuka naye mara mbili. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya pili niliyafungua, nikaona ziwa lote na kisiwa cha Idjwi kimelala kati yake, nikasahau kuogopa. Tukapatana atafute vijana wanane wenye nguvu wa kusukuma. Niliporudi nilimwambia Direkteri kwamba hakuna lokomotive. Akanitazama kwa huruma. "Je, nimeandika lokomotive?"

Abiria wa safari ile walikuwa walimu wastaafu wa parokia moja ya hapa Goma, pamoja na wake na waume zao, watu kumi na wanane. Wengi ni wa upande wa Bukavu, na walikuwa wanarudi kuona kwao. Mkubwa wao tulimwita Papa Prefe, kwa sababu aliongoza shule ya sekondari miaka mingi, na prefe ndiye mkubwa wa shule. Alipanda melini na suti, tai na kofia ya majani. Nyuma yake alikuja mke wake akibeba mkoba mweusi. Watu wote walimwita Mama Prefe, nami nilimwandika hivyo hivyo kwenye liste.

Tulipoacha gati nilibandika karatasi mbili ukutani, A na B, nikaweka na kalamu. Ilikuwa kama nimemwaga mahindi mbele ya kuku.

"Inatoa moshi?"

"Na kama fren inakataa, padri iko ndani?"

"Mimi naingia treni hata kama inaenda mbinguni. Nimefundisha neno treni miaka makumi tatu, sijaiona hata siku moja!"

Papa Prefe aliwasogeza kwa mkono, akaandika jina lake chini ya A. "Usine ni masomo," akatangaza. "Treni ni michezo." Mwenye duka la dawa mmoja, muoga wa milima, akaandika chini yake. Wengine wote wakaenda B. Tulipokaribia shamba nilihesabu majina ya B, nikapata kumi na sita. La mwisho sikulijua. Liliandikwa kwa herufi za uangalifu, kama za mtoto wa shule siku ya mtihani.

"Vumilia ni nani?" nikauliza kwa sauti yangu ile ya mbuzi.

Abiria wakaanza kuangalia nyuma yao. Mama Prefe akainua kidole. "Ni mimi."

Nakuambieni ukweli, wenzake wa parokia waliokuwa wamesali naye miaka ishirini walitazamana. Hakuna aliyejua kwamba ana jina.

Papa Prefe akanijia, akaweka kidole kwenye karatasi. "Mama Komisera, futa hii jina."

"Mwenye jina njo anafutaka, Papa Prefe."

"Mimi njo bwana yake."

"Ku hii liste hakuna kolone ya kuandika bwana."

Nilisema hivyo kwa mdomo, lakini niliogopa. Mteja huyo ndiye aliyewaleta wenzake wote. Akiandika barua moja kwa Direkteri, anayeamini karatasi kuliko macho, nimekwisha. Papa Prefe akamgeukia mke wake. "Wewe, hata moto, hii pikipiki, haupandake, utapanda treni?"

"Moto, wewe njo ulinikataza," akajibu kwa upole. "Treni, haujanikataza bado."

"Basi nakukataza."

"Umechelewa. Nimekwisha andika."

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akapangusa miwani. Papa Prefe alirudi kwenye kiti chake.

Tuliposhuka, Muzee Bisimwa alikuwa amesimama kando ya vigari peke yake. Nikajua mambo yameharibika.

"Vijana wa kusukuma wako wapi?"

"Bameenda matanga. Jirani alikufa jana. Batu bote ba shamba bameenda. Nimebaki mimi na fren yangu."

Nikampigia Direkteri simu. Nikamweleza. Akafikiri. "Programe inasema nini?"

"Inasema treni."

"Basi treni iende," akasema, na mtandao ukakatika, au aliukata.

Nikawaeleza abiria hali ilivyo, nikawaambia yeyote anayetaka anaweza kubadili aende usine. Hakuna aliyebadili. Mwalimu mmoja wa hesabu akapiga hesabu hapo hapo: wenye magoti mazuri tisa wasukume, wenye magoti mabaya saba wakae. Mama Vumilia magoti yake hayakuwa na kasoro, lakini alipanda kigari cha mbele, akaweka mkoba mapajani.

"Mama, wewe hausukumi?" wakamuuliza.

"Nilichagua kupanda treni. Sikuchagua kuisukuma. Miaka yangu ya kusukuma imekwisha."

Akina mama wakapiga vigelegele, na treni ikaondoka. Ilikwenda mwendo wa konokono mwenye mawazo. Tulipofika nusu ya mlima, kwenye kona, ikagoma. Walimu walivuta pumzi kama mivukuto, na Muzee Bisimwa akabana fren ili tusirudi nyuma.

Wakati huo huo tukaona watu wawili wanapanda njia ya miguu. Walikuwa Papa Prefe na yule wa dawa. Usine ilikuwa imefungwa. Mwenye ufunguo naye yuko matangani. Papa Prefe alisimama, jasho likimtoka chini ya kofia, akatazama walimu, akatazama vigari. Mke wake alitazama ziwa.

Nilingoja aseme, "Si nilisema?" Lakini mkubwa wa shule ni mkubwa wa shule. "Munasukuma mubaya," akasema. "Kila mutu na saa yake. Ni lazima pamoja!" Akavua koti, akazunguka akitafuta pa kuliweka. Mama Vumilia akanyoosha mkono, akalipokea, bila kumtazama. Papa Prefe akaweka mabega kwenye chuma. "Moja! Mbili! Wewe wa hesabu, usisukume na tumbo!" Na treni ikatembea. Ilitembea mpaka juu.

Juu tulipumzika. Walimu walionyeshana vilima vya kwao ng'ambo ile kama watu wanaoonyeshana watoto wao. Halafu Muzee Bisimwa akasema watu wakae, tunashuka. Papa Prefe naye akaja.

Hapo nikakumbuka kazi yangu. "Papa Prefe, jina yako iko ku usine."

"Usine imefungwa!"

"Najua. Lakini mwenye kupanda ni mwenye kuchagua treni. Nafasi imebaki moja, pembeni ya ule mama. Umuombe."

Akamkaribia. Akakohoa. "Mama Prefe, sogea."

"Vumilia," akasema mke wake.

"Nivumilie nini tena? Nimesukuma mlima muzima!"

"Vumilia ni jina yangu."

Hakuna aliyecheka. Wenzao wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Papa Prefe aliutazama mkoba uliokaa mahali pake. Kisha akavua kofia.

"Vumilia," akasema, "minaomba nafasi."

Mama akaondoa mkoba kwenye ubao. "Iko."

Nikampa karatasi, akaandika jina lake chini ya la mke wake. Yule wa dawa alikataa kupanda. Alisema atashuka kwa miguu, kwa maana lazima mutu mumoja abaki muzima wa kutoa dawa.

Fren ikaachiliwa. Mwanzo tulikwenda kwa adabu. Kisha kahawa zikaanza kupita haraka, kisha zikawa ukuta wa kijani. Papa Prefe alianza kupiga kelele kwa Kifaransa; kwenye kona ya pili akaingia Kiswahili, na kabla ya kona ya mwisho alikuwa anamwita mama yake kwa Mashi, lugha ya kwao. Kofia iliruka, ikabaki kahawani. Muzee Bisimwa alivuta mti kwa mwili wake wote, gogo likanuka moto, akamwaga mchanga wote. Nami niliyeshika filimbi niliipuliza mfululizo, sijui nilikuwa namwonya nani. Tukasimama hatua chache kabla ya birika.

Halafu nikasikia sauti nisiyoijua, nyembamba, inapanda na kukatika. Ni Mama Vumilia anacheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Mume wake alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake miwili, na hakuuachia mpaka nilipowaomba washuke.

"Turudilie," Mama akasema. Lakini Kapiteni alikuwa anapiga honi, na sisi wote tunajua honi ile inasema nini: Sasa.

Barua niliyoiogopa haikuja. Direkteri alisoma raporo yangu ya safari, akauliza kama kuna malalamiko. Nikamwambia ni moja tu: abiria mmoja anasema treni ilikuwa fupi. Akaandika hilo vizuri sana kwenye daftari lake. Treni ile tuliifanya mara chache tena, na wasukumaji wa kweli, mpaka mvua ilipobeba kipande cha reli. Mimi niliendelea miaka sita, kisha nikakabidhi filimbi kwa msichana mmoja mwenye sauti kubwa kuliko yangu.

Sasa nakaa Katoyi, magoti yangu yanasema kila asubuhi kwamba yalipanda ngazi nyingi za chuma. Vijana huniuliza kazi ile ilinifundisha nini. Nafikiri waongoza safari wengi wanadhani mtu analipa ili aonyeshwe kitu kizuri. Ziwa tunalo kila siku, ni bure, tunalichotea maji. Kuna watu ambao tangu wazaliwe hawajaulizwa hata mara moja: wewe, unataka nini? Ukiwauliza, ngoja jibu. Usiwaharakishe.

Mwezi uliopita nilikutana na Mama Vumilia kwenye soko la Ndosho, ananunua maharagi. Tukakumbatiana. Nikamuuliza habari za nyumbani.

"Ah, Komisera, ulinitia mu matatizo," akasema. "Yule muzee sasa ananiuliza kila kitu! Tukule nini, tusali misa gani, dirisha lifunguliwe ao lifungwe. Nimechoka."

Kabla sijamjibu simu yake ikalia. Alikuwa Papa Prefe, yuko dukani, anataka kujua wapake mlango wa barabarani rangi gani, bleu au kijani. Mama akatazama juu, akavuta pumzi.

"Bleu," akajibu, akakata simu. Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa.

"Bleu itakuwa mubaya kabisa," akaniambia. "Lakini ni mimi njo nilichagua."