Pamba Kando ya Kitanda cha Dezi

Mwaka nilipotimiza miaka kumi, mama yangu wa ubatizo alinipa sungura mweupe siku ya komunyo yangu ya kwanza. Nikamwita Pamba. Tulikaa mtaa wa Hewa Bora, katika nyumba ya vyumba viwili, na Baba alimpigilia kibanda cha mbao na waya nyuma ya jiko. Kila asubuhi kabla ya shule nilimchumia majani ya lengalenga na kumsafishia kibanda. Nilikuja kujua kwamba akifurahi husaga meno polepole, na akiogopa hupiga chini mguu wa nyuma, kama mtu anayebisha mlango.

Mdogo wangu Dezi alikuwa na miaka saba. Alizaliwa na ule ugonjwa wa damu ambao kwetu kila mtu anauita SS, unaotesa mifupa, hasa baridi ikija. Kwa kuwa hakuweza kukimbizana na wenzake barabarani, jioni nilikuwa namwekea Pamba mapajani, naye akimsimulia mambo ambayo mimi mwenyewe hakunisimulia.

Mwezi wa sita baridi ikaingia vibaya. Dezi alilazwa, akaongezwa damu, akarudishwa nyumbani akiwa mwepesi hata mimi niliweza kumbeba. Ndipo Nkambo, mama yake Baba, akafika kutoka Mitwaba. Alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akaniita uani.

"Kwetu kule," akasema, "munyama ya mu nyumba inaweza kubeba bugonjwa ya muntu. Tunaiweka pembeni ya kichwa yake siku tatu. Lakini mwenyewe aitoe na moyo moya. Akirudisha moyo nyuma, haibebe kitu."

"Na Pamba?"

Nkambo hakuwa mtu wa kudanganya watoto. "Atakufwa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alikuwa mtu wa misa ya kila asubuhi, na mambo kama hayo hakuyapenda kabisa. Nilimngoja aseme hapana. Alinitazama tu, kwa macho ambayo sijawahi kuyaona tena kwa mtu yeyote. Nikasema ndiyo.

Tukamweka Pamba ndani ya katoni, kando ya mto wa Dezi. Siku ya kwanza alipigapiga mguu. Siku ya pili aliacha kula, akajikunja kwenye kona, masikio yamelala mgongoni. Na siku hiyohiyo Dezi alikunywa uji, akaomba aongezwe. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko, nikakaa mbele ya kibanda kitupu.

Siku ya tatu mchana, Mama alikwenda kununua dawa na Nkambo alikuwa akitwanga uani. Nilikuwa peke yangu na Dezi.

"Yaya," akaniambia, kama alivyoniita mimi mkubwa wake, "umutoshe Pamba mu katoni. Anatetemeka."

"Nkambo alikataza. Inabakia leo tu."

"Minajua vile alisema. Niliwasikia. Umutoshe."

"Dezi, uko unapona!"

Akavuta pumzi. "Miye nilishazoea kuumwa. Yee hajazoea."

Nikamtoa. Nilipita upande wa pili wa nyumba ili Nkambo asinione, nikamrudisha kibandani mwake, penye jua. Baada ya muda akanyoosha shingo, akala jani moja, kisha la pili. Na sitaficha: nilifurahi. Nilifurahi sana.

Jioni ile maumivu yalimrudia Dezi, na homa juu yake. Baba alimfunga blanketi, akambeba hadi kwenye teksi, Mama akifuata. Waliporudi, Mama alikuwa amekumbatia lile blanketi, likiwa tupu.

Nkambo ndiye aliyemkuta Pamba kibandani. "Nani alimutosha?"

"Ni miye," nikasema.

Sikumtaja Dezi. Nilidhani nikimtaja nitakuwa ninamsingizia mtu asiyeweza kujitetea. Nkambo akaniwekea mkono kichwani. "Mutoto ni mutoto," akasema, na baada ya matanga akarudi Mitwaba. Hadi anafariki hatukuzungumza tena jambo lile. Mama naye hakunilaumu hata siku moja. Ila tangu siku ile, alipokatiza nyuma ya jiko alipitia mbali na kibanda.

Pamba aliishi miaka minne zaidi. Nilimlisha kila asubuhi, nikamsafishia, lakini sikumpakata tena. Siku nilipomkuta amekufa nililia mpaka jirani akaja kunibembeleza, akisema nitanunuliwa mwingine.

Leo mimi ni mtu mzima, nina watoto wangu. Daktari mmoja alinieleza vizuri jinsi damu ile inavyofanya kazi na jinsi inavyoua, na ninamwamini. Sungura hakuwa na lolote la kubeba. Nkambo nilishamsamehe zamani: alikuwa mwanamke mzee aliyesafiri siku mbili juu ya lori na hakuwa na kitu kingine cha kumpa mjukuu wake. Mimi pia nimejaribu kujisamehe, na kuna miezi ninafaulu.

Kinachonishinda ni Dezi. Yeye hakukutana na daktari wa kumweleza. Alimwamini Nkambo kama nilivyomwamini mimi, na aliponiambia nimtoe Pamba, alijua, kwa ujuzi wake wa miaka saba, anachokirudisha kitandani mwake.

Mama bado yuko hai. Jumapili baada ya misa huja kula kwangu, na mara nyingine hutaja jinsi mwanawe alivyokunywa uji siku ile, jinsi alivyokuwa na hamu ya kupona. Wakati huo mimi hupakua chakula. Anadhani nilimchukua sungura wangu kwa sababu nilimpenda mno. Nimemwacha adhani hivyo.